Bibi, Ndugu, Mama: Historia ya Kumwita Mwanamke Nyanda za Juu Kusini

Mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye misheni ya Wamoravian ya Utengule, si mbali na Mbalizi ya leo, mwanamke mzee aliyeitwa Narwimba alimsimulia maisha yake Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Kijerumani. Elise ndiye aliyekuja kuandika vitabu vitatu vikubwa kuhusu Wasafwa. Namshukuru kwa sababu aliwaona wanawake wa pale kuwa ni watu wenye historia, wakati ambapo wenzake wengi waliandika habari za machifu tu. Masimulizi hayo yalikaa miaka mingi bila kusomwa na wengi, mpaka mwanahistoria Marcia Wright alipoyafufua katika miaka ya 1970 na kuyakusanya kitabuni mwaka 1993.

Katika simulizi la Narwimba kuna jambo moja ambalo halinitoki moyoni. Mumewe alipofariki, hakungoja wazee wa ukoo wakae kikao wamjadili. Alikwenda mwenyewe kwa mpwa wa marehemu, akamwomba amrithi. Msomaji wa leo anaweza kudhani huo ni unyonge. Lakini nchi ile iliyo kati ya Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika ilikuwa imejaa vita na misafara ya watumwa, na mwanamke aliyekutwa njiani aliulizwa swali moja kabla ya yote: wewe wa nani? Akiwa na jibu, alikuwa binti wa mtu au mke wa mtu, na aliyemgusa alijua atadaiwa. Akikosa jibu, alikuwa mali ya yeyote mwenye nguvu. Narwimba aliujua ukweli huo kuliko sisi tunaomsoma. Kuitwa mke wa fulani, kwake, kulikuwa ngao.

Katika kumbukumbu hizohizo yumo mwanamke mwingine, na jina lake limeandikwa kwa vipande vitatu: Chisi-Ndjurisiye-Sichajunga. Alitekwa angali mtoto, akapita mikono mingi kabla ya kufika mahali pa salama. Ukilisoma jina lake lote kwa sauti unasikia kabisa kwamba maisha yake hayakuwa ya nyumba moja.

Nimeanza na wanawake hawa wawili kwa sababu, kwa maoni yangu, historia ya majina ya heshima ya wanawake wa Mbeya na Iringa yote imetembea na lile swali lao. Bibi, binti, memsabu, ndugu, mama, mheshimiwa: kila neno lilipofika huku juu lilikuwa na jibu lake kuhusu mwanamke ni wa nani. Moja tu kati ya hayo lilijaribu kuliacha swali lenyewe.

Kabla Kiswahili hakijapanda milima, wenyeji walikuwa na adabu zao. Mnyakyusa humheshimu mtu kwa kumsemesha kana kwamba ni wengi: rika lako unamwambia ugonile, mkubwa wako unamwambia mugonile, na mama mtu mzima huingia kwenye huo wingi pamoja na wanaume wa rika lake. Kwa Wahehe, wanawake wa nyumba ya kitawala hawakupoteza majina yao. Simulizi za ukoo wa mtawala wao Mkwawa zinamtaja mama yake mzazi, Sengimba. Ila mwanamke wa kawaida aliheshimiwa zaidi kwa nafasi yake katika ukoo kuliko kwa jina alilopewa siku ya kuzaliwa.

Adabu iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa ile iliyomdai mwanamke mwenyewe. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na vitabu alivyoandika Monica baadaye, kuanzia kile cha 1951 kuhusu vijiji vya marika, vinaieleza kwa undani. Mke aliyeolewa hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, aliacha njia. Jina la mkwe halikutajwa. Wala haikuishia hapo: neno lolote lililofanana kwa sauti na jina hilo nalo lilikuwa mwiko. Kama jina la mzee lilikaribiana na jina la chakula au la chombo cha jikoni, basi mke yule alitafuta neno jingine la kitu hicho, akalitumia maisha yake yote akiwa shambani, jikoni, hata anapoongea na mtoto mgongoni. Wanyakyusa wanaiita lugha hiyo ya kukwepa ingamwana. Monica, aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya utafiti kwa Wapondo kabla ya kuja Rungwe, alikuwa ameshakutana na desturi ya jinsi hiyo huko kwao.

Hebu fikiria kazi iliyofanyika hapo. Msichana anatoka kwao, labda Selya, anaolewa upande wa pili wa mto, na katika wiki zake za kwanza anajifunza upya kusema lugha yake mwenyewe. Wake wawili wa nyumba mbili jirani wanaweza kukiita kitu kimoja kwa maneno mawili tofauti kwa kuwa wakwe zao ni tofauti. Watoto wanakua wakiyasikia yote, na maneno mengine ya kukwepa yanazoeleka mpaka yanakuwa ya kawaida. Wanawake wale waliongeza msamiati wa Kinyakyusa kwa kutii mwiko. Nawastahi sana kwa hilo, na papo hapo siwezi kuacha kuona kwamba heshima yote ilitoka mdomoni mwao kwenda kwa mzee, na kidogo tu ndicho kilichorudi.

Huko pwani mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwanamke wa kiungwana wa visiwa vya Lamu na Pate aliitwa Mwana, kama Mwana Kupona wa Pate, ambaye utendi wake ni wa mwaka 1858. Unguja waliokuwa wakubwa waliitwa Bibi, neno lililovuka bahari kutoka Uajemi na India: Bibi Azza binti Seif ndiye aliyekuwa mke mkuu wa Sultani Seyyid Said. Kuna pia Siti. Mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950 alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Lile la Siti ni la heshima, alipewa ukubwani, na sasa hakuna anayemtaja Siti binti Saad kwa jina jingine. Naona mfano wake ni wa pekee. Jina la heshima lilikuwa pana kiasi cha kulifunika jina ambalo lenyewe lilikuwa jeraha.

Bibi, basi, lilikuwa neno la daraja. Aliyekuwa bibi hakuwa mjakazi, na mara nyingi alikuwa na wajakazi. Mke wa bwana alikuwa bibi, na mtu wa nyumbani alipoulizwa bibi yake ni nani, alitaja anayemmiliki.

Neno hilo lilipanda kuja Usangu na Uhehe pamoja na wafanyabiashara wa misafara, kisha likaja kwa nguvu zaidi na Wajerumani, ambao waliendesha serikali yao kwa Kiswahili. Baada ya Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, kuanguka tarehe 30 Oktoba 1894, afisa wa Kijerumani Tom von Prince alijenga boma jipya mahali unaposimama mji wa Iringa leo. Mkewe Magdalena aliishi naye huko na kuandika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1903, mojawapo ya maandishi ya awali kabisa ya mwanamke wa Kizungu kutoka bara. Lakini Magdalena hakuwa bibi pekee pale bomani. Askari walikuja na wake zao, wanawake waliotembea na vikosi safari nzima, wakapika, wakabeba mizigo, wakalea watoto njiani, na wao nao waliitwa mabibi. Ndipo neno lilipoanza kuyumba. Kwenye barua na picha za posta za Wajerumani, bibi likawa mwanamke yeyote wa Kiafrika aliyevaa nguo za pwani, na wakati mwingine likawa hawara wa Mzungu. Cheo cha ikulu ya Unguja kilishuka mpaka kwenye maelezo chini ya picha ya mwanamke ambaye hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja na neno lao kutoka India. Katika mashamba ya chai ya Mufindi na kwenye nyumba za walowezi wa Iringa na Mbeya, mama wa Kizungu alikuwa memsabu. Mwanamke wa Kihehe au Kibena aliyelea watoto wa nyumba hiyo alikuwa yaya. Mmoja aliitwa kwa daraja, mwingine kwa kazi, na majina yao ya ubatizo yalitumika kanisani tu.

Misheni zilileta njia ya tatu. Wamoravian na Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Wabenediktini walifungua misheni ya Tosamaganga katika miaka ya vita vya Mkwawa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Wakonsolata. Katika misheni msichana aliweza kuwa sista, na sista hakuwa mke wa mtu wala mama wa mtu, lakini aliamkiwa na kila aliyepita, wazee kwa vijana. Masista Wateresina wa Iringa ni matunda ya mbegu hiyo. Jambo hili halisemwi vya kutosha: kwa vizazi kadhaa, katika wilaya nyingi za kusini, vazi la sista lilikuwa mojawapo ya njia chache mno za mwanamke kupewa jina la heshima ambalo halikupitia kwa mwanamume wala kwa tumbo lake. Upande wa Walutheri na Wamoravian alikuwepo mama mchungaji, yaani mke wa mchungaji, mwenye mzigo wa usharika mzima na jina la kazi ya mumewe. Ilichukua mpaka miaka ya 1990 kwa KKKT kuanza kuwabariki wanawake wenyewe kuwa wachungaji. Tangu hapo maneno mama na mchungaji, yakifuatana, yanaweza kuwa na maana mbili, na mgeni kanisani hulazimika kuuliza ni ipi.

Bibi, lililochafuliwa na picha za posta, lilirudi na hadhi yake kwa mlango wa ofisi. Serikali ilipoanza kupeleka watumishi wa kike vijijini, raia waliwapa jina kwa kufuata mfano uliokuwepo. Kama kuna bwana shamba, huyu ni bibi shamba. Kama kuna bwana afya, huyu ni bibi afya. Na bibi maendeleo ndiye aliyewakusanya akina mama chini ya mti kuwafundisha usafi, lishe na ushonaji. Mpaka leo ukipita Igurusi au Ilula, wakulima wanasema bibi shamba amekuja kuangalia mpunga au nyanya, na huyo bibi anaweza kuwa binti wa miaka 23 aliyemaliza chuo cha kilimo Uyole mwaka juzi, amevaa buti za mpira, pikipiki yake imeegeshwa kwenye tuta. Hakuna anayecheka. Neno limebaki na maana yake ya zamani hapo shambani: mwanamke mwenye mamlaka ya jambo lake.

Vivyo hivyo kwa Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na alipoanza kuwaongoza wanawake wa chama cha TANU mwaka 1955 hakuwa hata na miaka 30. Nimewasikia wanafunzi, wakilisoma jina lake kwenye kibao cha barabara ya Dar es Salaam, wakidhani alikuwa ajuza. Alikuwa kijana. Neno Bibi kwake lilikuwa la heshima, lilelile la pwani, ila sasa aliyevikwa ni mwimbaji wa lelemama aliyeweza kuujaza uwanja watu, bila ikulu wala wajakazi nyuma yake. Nadhani hiyo ndiyo siku njema kuliko zote katika maisha ya neno hilo.

Baada ya hapo lilizeeka. Katika Tanzania bibi likabaki kuwa mama wa mama au wa baba, na bibi harusi peke yake ndiye anayeruhusiwa kuwa kijana. Wenzetu wa Kenya na Kongo hawakufuata mkondo huo. Kwao bibi bado ni mke, na Mtanzania anayesikia mwanamume wa Bukavu akisema amemwacha bibi nyumbani anamdhania ni mjukuu mwema. Kilichosalia kwetu ni kile kifupi chenye nukta, Bi., magazetini na kwenye kadi za mwaliko, na kule Unguja Bi yenye uhai wake kamili, kama ya Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Kifupi hicho kina sifa moja ambayo hatuisifii inavyostahili. Hakimuulizi mwanamke kama ameolewa. Ujerumani ilisubiri mpaka miaka ya mwanzo ya 1970 kuliondoa kwenye ofisi za serikali neno Fräulein la mwanamke asiyeolewa. Ufaransa iliondoa Mademoiselle kwenye fomu zake mwaka 2012. Kiswahili hakikuwa na cha kuondoa.

Kisha ukaja mwaka 1967, na Azimio la Arusha, na ndugu.

Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa tayari inahusu undugu wa binadamu wote, na baada ya Azimio neno hilo likawa jina la heshima la nchi nzima. Rais alikuwa ndugu, karani alikuwa ndugu, mkulima wa pareto wa Uporoto alikuwa ndugu. Kwa mwanamke hili lilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyokumbuka, kwa sababu ndugu ndilo neno lile nililosema lilijaribu kuliacha swali la Narwimba. Halikujali baba, mume wala mtoto, wala kama aliyesimama mbele ni wa kiume au wa kike. Barua ya serikali iliyoanza na Ndg. ilimfikia mwalimu wa kike wa Makete sawasawa na ilivyomfikia katibu tarafa. Nchi nyingine zilikuwa bado zinabishana namna ya kumwandikia mwanamke bahasha. Sisi tulikuwa tumeshamaliza.

Lakini ndugu lilikaa zaidi kwenye karatasi na mikutanoni. Likitoka kwenye jengo la kijiji, halikufika jikoni. Hakuna aliyerudi nyumbani jioni akamwita mkewe ndugu. Mwanamke yule aliyeandikwa Ndg. kwenye mahudhurio ya mkutano, akivuka barabara tu anakuwa mama fulani. Na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na nchi ikabadilika, mheshimiwa likachukua viti vya mbele, ndugu likabaki kwenye chama tawala na kwenye bahasha za kiofisi.

Hapo ndipo historia hii inapotua Bungeni, na watu wa Nyanda za Juu Kusini wana haki ya kuisimulia kwa kifua mbele. Spika aliyekikalia kiti hicho muda mrefu kuliko wote alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, tangu 1962 hadi 1973 na tena tangu 1975 hadi 1994. Mwaka huohuo wa 1975 aliingia Bungeni msichana wa miaka 26 kutoka Njombe, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Jina lake Anne Makinda. Aliingia akiwa Ndugu Makinda. Akawa waziri, mkuu wa mkoa, Naibu Spika, na Novemba 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Njiani jina lilikuwa limebadilika kuwa Mheshimiwa. Wananchi wakamwita Mama Makinda. Mwaka 2021 akateuliwa kuwa Kamisaa wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, na cheo hicho nacho kikatangulia jina lake. Mwanamke mmoja, ndani ya miaka isiyofika 50, amepita karibu majina yote ya heshima ambayo Jamhuri hii imeyatumia.

Wa pili alitoka upande wa Mbeya. Dk. Tulia Ackson, mwanasheria, mzaliwa wa Rungwe, alikuwa Naibu Spika tangu 2015, akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2020, na tarehe 1 Februari 2022 akachaguliwa kuwa Spika. Oktoba 2023 alichaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushika nafasi hiyo. Magazeti yalimwandika Dk. Tulia, na wabunge walianza kila sentensi na Mheshimiwa Spika, maneno yaleyale waliyotumia kwa mwanamume aliyemtangulia. Wala hawakulazimika kutafuta umbo la kike la neno, kwani lugha yetu haina haja nalo.

Karibu mwaka mmoja kabla Tulia hajawa Spika, Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alikuwa ameapishwa kuwa Rais. Haikuchukua wiki, nchi ikawa inamwita Mama. Mabango, nyimbo, kofia, kanga, vyote Mama. Naielewa furaha hiyo, na sina ugomvi nayo. Ila ni vizuri tukumbuke kwamba marais wa kiume waliotangulia hawakuwa Baba kwa wingi huo wakiwa madarakani. Nyerere aliitwa Mwalimu, kwa kazi yake, na Baba wa Taifa ni cheo cha kipekee kinachomtambulisha mwasisi.

Mama, kwa kweli, ndiye mshindi. Ni jina pana kuliko bibi na lenye joto kuliko ndugu. Mwanamke hapa kwetu akishafikia umri fulani anakuwa mama hata kama hajazaa, na kijana asiyemwita hivyo sokoni anaonekana amelelewa vibaya. Mteja anayesukuma sahani yake akisema mama, nitilie, ndiye aliyeipa kazi jina: mama ntilie. Serikali baadaye ikapendelea mama lishe, jina la heshima zaidi, na kwa jina lolote kati ya hayo wanaendelea kuinjika sufuria alfajiri. Mwanamke akipata mtoto wa kwanza, jina lake linafungwa na la mtoto. Anakuwa Mama Neema, Mama Lusajo, Mama Tumaini, Mama Atupele. Mumewe anamwita hivyo, mawifi, majirani, kwaya, hata mwenye duka anapoandika deni.

Jina alilopewa na wazazi wake linakwenda wapi? Linajificha kwenye simu. Watu wa sasa wanalijua jambo hili vizuri. Umeishi jirani na Mama Neema miaka 10, mmekopeshana chumvi, mmezikana. Siku unamtumia hela ya mchango kwa simu, kabla hujabonyeza kuthibitisha, linatokea jina la mwenye namba, herufi kubwa, majina matatu. Unasita. Unapiga simu kuuliza: hii namba ni yako kweli? Ni yake. Hukuwahi kumjua. Wengine jina hilo wanalisikia mara ya kwanza msibani, mtu akisimama kusoma wasifu wa marehemu.

Mama Neema ni jina zuri, lenye upendo, na wanawake wengi wanalipenda wenyewe, sitaki kuwanyang'anya. Lakini lina hasara inayopimika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na Mbozi, iliyokuwa Mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijazaliwa mwaka 2016, ndiyo wilaya ya kwanza ambako hati za hakimiliki za kimila zilijaribiwa. Baadaye vijiji vingi vya Wilaya ya Iringa vilipimwa, na mashamba mengi yakasajiliwa kwa majina ya wanawake au kwa majina ya mume na mke pamoja. Kwenye hati hizo hakuna mahali pa kuandika Mama Neema. Daftari la kijiji, la kikundi cha kukopeshana, la mahari, la mirathi, likiwa na Mama Neema peke yake, siku ya ugomvi anatokea mtu anauliza huyo Mama Neema ni nani, kwa sababu wako watatu katika kitongoji. Narwimba angelitambua swali hilo mara moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa makatibu wa vijiji, waweka hazina wa vikundi, wazee wa kanisa na wote wanaoshika kalamu kuanzia Mafinga mpaka Kyela. Endeleeni kuwaita mama, maana wanastahili. Lakini mkifungua daftari, mwulizeni kila mmoja majina yake matatu, mwandike yote, na pembeni yake kwenye mabano ndipo muweke jina la mtoto.